Tone la Nyuma ya Shawa

Quartzsite, Arizona
22 Januari 2017

Mpendwa mdogo wangu Luverne,

Hujambo, na baridi ya Duluth inakutendaje? Natumaini goti limepoa na umepata mtu wa kukuondolea theluji mlangoni. Usijaribu mwenyewe, nakujua ulivyo mbishi. Sisi hatujambo. Mzee wangu Harlan anakohoa asubuhi, lakini akishapata kahawa kikohozi kinakwisha na ubishi unaanza.

Najua umengoja jibu letu juu ya chumba ulichotuandalia. Sikuandika kwa sababu sikuwa na jibu. Tulikubaliana na Harlan kwamba kama sakafu imeoza yote kwa yale maji, basi tunaiuza hii nyumba ya magurudumu na kurudi huko kwako Minnesota moja kwa moja. Miaka tisa barabarani si haba.

Yale maji niliyokuambia kwenye simu hayakukoma. Kila siku zulia la kando ya kitanda lilikuwa chepechepe. Harlan aliziba kila ufa kwa silikoni hadi bafu likawa kama keki ya harusi. Kisha akafungua shawa, akaiacha imwage dakika kumi nzima, maji ya tangi tunayoyabania hivi! Hata tone halikuonekana. Alijaribu mara tatu, mara tatu pakavu. Akaniambia labda ni jasho langu. Nilimnunia siku mbili.

Desturi ya huku jangwani unaijua: saa kumi jioni kila mtu hubeba kiti chake, tunakaa duara, na shida ya mmoja inakuwa ya wote. Huyu akasema ni paa, yule dirisha. Thelma Pruitt, jirani yetu aliyeendesha basi la shule miaka thelathini, alikuwa akimenya karanga.

"Wee mzee," akamwambia Harlan, "hiyo shawa unaijaribu kama mnavyooga?"

"Kwani kuna kuoga kwa namna ngapi?"

"Pampu yenu naisikia toka kwangu. Mkeo akijipaka sabuni, shawa kaifunga, pampu inajikoholea peke yake. Maji yanaenda wapi hapo?"

Harlan akanigeukia. Sisi tunaobania maji tunajilowesha, tunabonyeza kitufe cha kichwani mwa shawa kufunga, koki ya ukutani ikibaki wazi, tunajisugua, halafu tunajisuuza. Maji hubaki yamebanwa bombani nyuma ya ukuta, pampu ikiyasukuma. Kumbe yanavuja wakati huo tu!

Kesho yake mchana niliingia kuoga. Harlan alilala kifudifudi, kichwa ndani ya kabati la chini ya kitanda, tochi mkononi. Nikajilowesha, nikafunga, nikasimama na povu langu.

"Bado, mzee? Nakufa baridi!"

"Usiguse kitu! Nimeliona! Linadondoka, Ardith! Njoo uone linavyodondoka!"

Thelma, aliyeketi nje ya mlango asikose uhondo, akapaza sauti: "Mwache mwenzio ajisuuze kwanza, wee!"

Nati ya bomba ilikuwa imelegezwa na mitikisiko ya barabara, na kipete cha mpira kimepasuka. Kukibadilisha kulichukua nusu saa tu. Ikabaki sakafu.

Harlan alikunja zulia akanipa bisibisi. "Choma wewe. Mimi siwezi."

Kando ya ukuta bisibisi ilizama kama kwenye mkate, na moyo wangu ukazama nayo. Nikasogea shubiri moja, ikagoma. Nikasogea tena, ikagoma. Hadi mlangoni ikagoma. Nikaangua kilio.

"Imeoza yote?"

"Ni ngumu, mzee. Ngumu kama kichwa chako."

Tulikata kile kipande kilichooza, tukakausha kwa feni siku nne, na jana amepigilia plaiwudi mpya. Leo nimejipaka sabuni taratibu, pampu kimya.

Luverne, mwaka mzima nimekuambia nimechoka na barabara, na mwenyewe niliamini. Bisibisi ilipogoma ndipo nilipojua najidanganya. Hatuji, mdogo wangu. Nisamehe. Najua umeshapaka chumba rangi, na najua nyumba hiyo imekuwa kubwa mno kwako tangu shemeji yangu Orville alipotutoka.

Msalimie binti yangu Carla na mumewe, na shangazi Inez mpe busu la shavuni. Mungu akutunze na akupe usingizi mzuri. Machi tunaelekea Utah. Meza yetu ikikunjuliwa ni kitanda cha mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe. Funga nyumba uje.

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Ardith