Mume Wangu Anampigia Makofi Hata Mbwa Mwitu

Basi Shangazi, niendelee kwa barua pale simu ilipokatika tukiwa hewani redioni: nimeolewa juzijuzi tu na nina furaha mpaka naona haya, maana mume wangu ni seremala, mpole, ananiita malkia, kinanda changu cha nyuzi kilipoanza kuyumba alikichongea miguu mipya kwa mikono yake, ah, nampenda jamani, ila naomba unisaidie, kwa sababu jioni nikikaa kupiga najisikia mpweke kuliko nilipokuwa nikiishi peke yangu.

Napiga muziki wa kale, na nyuzi nazilinganisha kwa mtindo wa kale pia, siyo huu wa siku hizi ambao kila sauti imepunjwa kidogo ili zote zitoshane. Ninapofanya kazi hiyo nafunga mlango, maana nataka ukimya. Kwa mtindo huo sauti nyingi zikikutana zinatulia, tamu mpaka machozi, lakini makosa yote yanasukumwa mahali pamoja, na ukipagusa panalia kama mnyama. Sisi wapigaji tunapaita mbwa mwitu. Watunzi wa zamani walikusogeza huko kidogo, ukaogopa, kisha wakakurudisha nyumbani. Ndiyo raha yenyewe!

Sasa mume wangu, nikipiga chochote, "Tamu sana, mpenzi." Wiki iliyopita nikamjaribu, nikampigia mbwa mwitu mtupu, mikono miwili, mpaka paka akatoka nje. Akapiga makofi. "Tamu sana, mpenzi! Umetunga mwenyewe?" Nikacheka naye, nikaenda jikoni nikalia. Mwisho wa mwezi nina onyesho, na mama mkwe anasema nikilinganishe kinanda "kama cha watu wengine." Nimeanza kufikiri nikubali tu. Kama hata huyu ninayempenda hasikii tofauti, nampigia nani?

Mke Mpya

*

Mke Mpya, pole, mwanangu. Sasa nikugombeze.

Umeolewa juzi, tayari unampa mume mtihani wa somo ambalo hujamfundisha? Huyo mtu alisikia. Hakuna sikio lisilosikia kitu kinachomfukuza paka. Aliogopa kukuudhi, na wewe ulipocheka ukamhakikishia kwamba amejibu vizuri. Halafu unalalamika uko peke yako, na mlango unaufunga mwenyewe!

Kinanda usikibadilishe. Mama mkwe mjibu kwa adabu, "Nimesikia, mama," uendelee na kazi yako.

Siku ya kulinganisha nyuzi, mwite mumeo ndani. Yeye abonyeze sauti mbili pamoja, wewe ukaze uzi, na umwambie asikilize lile tetemeko, wa-wa-wa, linavyopungua mpaka linatulia. Seremala anajua mbao mbili zinaposhikana sawasawa, hiki hakitamshinda. Kisha mpeleke kwa mbwa mwitu, umuulize, "Hapa pakoje?" Ukishauliza, nyamaza. Akisema pabaya, usinune wala usianze kumhutubia. Mwambie asante, na umuulize panamuuma wapi.

Mimi mwenyewe muziki wa namna hiyo sijawahi kuusikia, na barua yako imenitia hamu. Kabla mwezi haujaisha nitafika kwenu. Nitakaa kiti cha pembeni ya mumeo, na yeye ndiye atakayenieleza.