Nyama ya Wanaume Kwenye Kitabu cha Watoto

Kimara, Dar es Salaam

Kaka yangu Gudo,

Shikamoo. Mguu wa Mama umepona, au bado anauburuta? Mvua imefika huko bondeni? Mimi mwili mzima, ila nimechoka, kaka, hata Jumapili naamka nimechoka. Simu huko haishiki, na jambo hili sitaki lipite kinywani mwa mtu mwingine, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kuna kampuni ya vitabu huku Kinondoni inatengeneza kitabu cha watoto kuhusu sisi Wahadzabe. Waliniita niwe mshauri wao. Nilifurahi, nisikufiche. Kila nikitoka kufundisha nilipitia ofisini kwao. Nilimwambia mchoraji upinde wetu ni mrefu kuliko ule, akaurefusha. Nikamwambia asali hailiwi na mtu mmoja kajificha, akaongeza watu. Mzee msikivu yule, kufuta hakumchoshi.

Wiki mbili zilizopita nikakuta mchoro mpya. Wanaume wameua mnyama mkubwa, wamekaa faraghani kwao, wanakula ile nyama yao. Na wanawake wamo, watoto wamepakatwa, kila mmoja na kipande mkononi. Kaka, nilifunika karatasi kwa kiganja. Mimi mwanamke ni nani hata niitazame?

Mhariri wao, dada Upendo, mtu wa Moshi na hana ubaya, akaniuliza kosa liko wapi. Nikasema ukurasa huo utoke. Akataka sababu ya kumpelekea bosi. Mimi ninachokijua ni kile anachoruhusiwa mwanamke kukijua, na hata hicho si cha kuandikwa. Nikabaki kurudia kuwa ni mwiko, kama kasuku.

"Sista, sie tunataka mtoto aone familia inakula pamoja. Ishu iko wapi?"

"Hiyo si ya kula pamoja," nikamwambia. "Zaidi ya hapo sina la kusema."

Akasema bila sababu bosi hatakubali, na kiwandani wanasubiri kuchapa. Nikamwomba basi anifutie jina langu, akaahidi. Jana nimekiona kitabu chenyewe. Mchoro upo, na jina langu lipo mbele kabisa, mshauri wa mila. Nililia chooni kwao, nikanawa uso, nikaaga vizuri. Naona aibu, kaka. Atakayekiona atajua ni mimi niliyewauza.

Nisalimie Mama, na wifi yangu mshona shanga, na mjomba mrina asali, ila yeye usimwambie bado.

Maboksi ya kitabu hicho yataletwa shuleni hapo kabla ya mwezi kwisha, na wewe mlinzi ndiye utakayeyapokea. Najua nakutafutia matatizo kazini. Miaka yote hii nawachapa watoto wa watu kwa kuchana vitabu, na leo nakuomba wewe: ukurasa wa kumi na nne, uchane, kila nakala, kabla watoto hawajafungua. Jina langu liache. Nikija likizo nitalijibia mwenyewe mbele ya wanaume.

Mdogo wako,
Helena