Kisanduku Cheusi Ulichonikataza

Kavimvira, Uvira
Jumanne, saa za mchana

Kaka yangu Emery,

Pokea salamu zangu kwanza. Natumaini barua hii inawakuta wazima huko Bujumbura, weye na mama, na kwamba magoti ya mama yamepata nafuu kwa kuwa sasa analala mahali pakavu. Huku minye niko. Nakula, naenda kazini, narudi. Ziwa limepanda tena mpaka nyumba za chini zimeingia maji, na maaskari wanapita kila siku bila muntu kujua wanakwenda au wanarudi. Usishangae kupata karatasi badala ya sauti. Tangu Bukavu ianguke mikononi mwa waasi mkavuka mpaka, tumezoea kutumiana sauti kwa simu, lakini kwa sasa sitaki sauti yangu iingie katika simu yako. Sababu utaiona mbele.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza mambo mawili: kama nilichukua kile kisanduku cha lampu ulichonishauri, na kama kiwanja cha Geneviève kimebaki wazi. Yote nitajibu. Ila niache nianzie ninapotaka, maana nina kinyaa kimenikaa kooni, na nisipokitema polepole kitanitapisha.

Habari ya nyumba ya Geneviève unayo. Unajua jinsi yule mjane alivyoshuka kutoka Bijombo, kule milimani, wakati wa vita ya huko juu, na jinsi baba, kabla hajafa, alivyomuuzia kipande cha kiwanja chetu, ukuta kwa ukuta na chumba chako. Ile sauti iliyozunguka katika simu za watu unayo pia. Mwanaume anaongea kwa sauti nzito ya kujikaza, kama aliyefunika mdomo kwa kitambaa, anasema katika nyumba ile wanaficha bunduki za watu wa milimani, na mwenye kuipenda Uvira anajua la kufanya. Vijana walijua la kufanya, wakaja na moto. Bunduki hawakuzikuta. Walikuta masufuria, mashuka, na mzee Sévère, baba mkwe wa Geneviève, ambaye hata kusimama alikuwa hawezi. Geneviève alikuwa amekwenda kuteka maji. Ile harufu, Emery, iko katika pazia zetu mpaka leo. Nimezifua, nikazianika, nikazifua tena. Iko tu.

Sasa sikia. Watu walewale waliokuwa wakitumiana ile sauti tangu asubuhi mpaka jioni, wakiongeza na vichekesho, ndio wakaanza kuuliza kwa uso wa huzuni ni nani aliyesema maneno mabaya vile. Wakatafuta muntu wa kubeba, wakampata Protais Nkeshimana, yule anayebadilisha pesa karibu na mpaka. Kwa nini Protais? Kwa sababu ndani ya ile sauti kuna maneno ya Kirundi hapa na pale, na kwa sababu yeye na Geneviève waliwahi kugombana juu ya mfereji wa maji machafu. Basi, ushahidi umekwisha. Cyprien, shefu wa kartiye yetu, mkubwa wa mtaa, akamfungia katika stoo yake, ukuta mmoja na studio yetu, akisema anamkinga. Vijana wakakaa nje ya stoo juu ya matairi makuukuu, na mke wa Protais alikuwa akipita pale na chakula chake, akiyaona matairi yale, akiyaruka kwa macho. Walisema wanangoja Jumapili, misa ikiisha, wamvike na kuyawasha.

Cyprien hakutaka maiti nyingine mlangoni pake. Ndipo akanikumbuka minye, kwa kuwa narekodi kwaya za kanisa la paruwasi na watu wanasema nina masikio. Akaunda komite: yeye, pasta mmoja, katekista, na wazee wawili wenye maduka. Wakaniambia nisikilize ile sauti, niseme kama ni Protais au siye. Nikawaeleza kwamba kompyuta yetu ya studio ni kuukuu, ukichomeka kaski za masikioni ndani yake unasikia mvumo kama nyuki wamefungiwa kopo, na chini ya mvumo ule huwezi kukamata kitu. Nikasema kazi hii inataka ampli, kisanduku cha mezani cha kukuza sauti ya kaski, chenye daki ndani, kile kipande kinachopokea tarakimu za kompyuta na kuzigeuza kuwa sauti. Wakakubali upesi sana. Walifurahi kwamba kutakuwa na mashine, maana mashine ikihukumu hakuna muntu aliyehukumu.

Nikakuandikia weye, kwa kuwa uliuza redio na simu miaka yote na unajua maduka ya huko. Ukaniambia visanduku viko viwili: kimoja kikubwa, cha rangi ya dhahabu, chenye lampu mbili za kioo zinazowaka juu, kingine cheusi, kidogo, bila urembo. Halafu ukaniuliza ni kwa kazi gani. Nikakueleza yote bila kuficha, habari ya ile sauti, Protais, komite. Na weye, ambaye nikikuuliza habari ya dawa za mama unajibu baada ya siku kadhaa, mara ile ulijibu kabla sijaweka simu chini. Chukua cha lampu. Kile cheusi ni kikali, kitakuumiza masikio, utajuta. Ukarudia jioni, ukarudia na kesho yake. Nilisema moyoni, lo, kaka yangu ananihurumia masikio.

Ila ninajua kazi yangu. Nikamwomba Bertrand, anayevusha mizigo mpakani, aje na vyote viwili, tujaribu, kimoja kirudi.

Siku ya kujaribu walikuja studio na mishikaki ya mbuzi ndani ya gazeti. Sijui nani aliwaambia ilikuwa sherehe. Wakavaa kaski zangu mmoja baada ya mwingine, kwa vidole vyenye mafuta, na kila mmoja akataka kusikia kitu chake: pasta mahubiri yake, katekista kwaya yake, mwenye duka tangazo la duka lake. Katika kisanduku cha lampu kila kitu kilikuwa kitamu, kinene, kama kimepakwa siagi. Pasta alijisikia mpaka akafumba macho. Katika kile cheusi alisikia anavyovuta pumzi na meno yake ya bandia yanavyogongana, akavua kaski akasema mashine hii haina upako. Wakabishana juu ya bezi, ile sauti nzito ya chini. Nakuapia, Emery, watu wazima, Protais yuko ndani ya stoo upande wa pili wa ukuta anawasikia, nao wanabishana kama bezi inatosha.

Halafu Cyprien akasema kitu kitakachohukumu muntu lazima kiwe na umbo kidogo, hakiwezi kuwa kama kipande cha sabuni. Mzee mmoja akatoa wazo Protais atolewe, aweke mkono juu ya kisanduku na kuapa, ili mashine imjue kwanza. Wengine wakaona ni wazo zuri. Pasta akajitolea kukiombea. Mwenye duka akaniuliza kwa upole kabisa:

“Ile mashine itasema jina?”

Nikamjibu haitasema jina la muntu. Nikawaambia mashine nzuri haiongezi kitu ambacho hakikuwamo. Inaacha tu kuongeza uchafu wake, na kuna mashine nyingine zinaongeza sukari mpaka husikii tena ulichokula. Wakanitazama kama mtoto mwenye adabu mbaya, wakainua mikono, wote wakachagua cha lampu.

Geneviève alikuwa mlangoni. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyempa kiti. Alikuwa amevaa kitenge changu, kwa kuwa vyake viliungua. Akasema bila kupandisha sauti:

“Minye sitafuti jina. Nataka tu kujua, yule muntu, akiisha kusema vile, alienda kula?”

Pasta akaanza kumwambia habari za Yobu na mateso yake. Mwingine akafuta vidole kwenye gazeti. Minye nilitoka nje nikatema mate. Kisha nikarudi, nikawaambia aliyepewa kazi ya kusikiliza ni minye, na masikio yatakayotumika ni yangu, kwa hiyo nitabaki na cheusi. Walikasirika, wakasema nina kiburi cha watu waliosoma kwa masista. Lakini hakuna mwingine aliyejua hata kukichomeka.

Kesho yake asubuhi nilifika studio mapema, kabla watu wa mashine ya kusaga ya jirani hawajawasha. Niliosha zile kaski kwa maji ya sabuni mpaka ngozi zake zikanyauka. Nikachomeka kisanduku cheusi, nikakaa, nikaiweka ile sauti.

Mvumo ulikuwa umekwisha. Nilidhani mashine imezimika, kumbe ndio utulivu wenyewe. Halafu mwanaume akaanza kuongea, na nikasikia kitambaa mdomoni mwake, nikasikia mate yake. Kabla ya kutaja jina la Geneviève anafyonza jino, kidogo sana. Nikarudisha. Nikasikia tena. Namjua muntu mmoja anayefanya vile, lakini nikajiambia watu wengi wanafyonza meno. Nikaongeza sauti, nikaacha kumfuata yeye, nikafuata nyuma yake, mahali pale ambapo katika simu za watu wote ni vumbi tupu. Kuna mlango unaofunguliwa. Kuna mwiko unaogonga kifuniko cha sufuria. Na kuna mwanamke mzee, mbali, katika chumba kingine, anayeita:

“Mikono safi, mukuye! Bugali inapola.”

Emery, tangu mwaka wa kolera, tulipokuwa wadogo, mama hajawahi kutuita mezani kwa maneno mengine. Mwiko kwenye kifuniko, mikono safi, mje, ugali unapoa. Nusu ya watoto wa kartiye hii walioshwa mikono kwenye beseni lake.

Ni weye. Niliirudisha mara nyingi kuliko nilivyohitaji, nikitafuta mahali ambapo usingekuwa weye, na kile kisanduku hakikunipa mahali hapo. Ndiyo sababu ulitaka ninunue kile cha sukari. Masikio yangu hukuyahurumia hata kidogo. Na ndiyo sababu katika kila ujumbe, kabla hujauliza habari ya vita wala ya kaburi la baba, unauliza kama kiwanja kiko wazi. Ulisema siku zote kwamba baba alikitupa. Sikujua unaweza kuchoma mzee kwa ajili ya udongo wa hatua chache, tena ukiwa ng'ambo, umekaa, chakula kinapakuliwa. Nilitapika kwenye ndoo ya studio. Kila mara mdomo wangu unapotaka kusema “kaka” napata ladha ile.

Ukweli nausema: nilifikiri kunyamaza. Nilifikiri kuwaambia tu si Protais, halafu nifunge kinywa. Lakini wangeniuliza ni nani basi, na vijana walikuwa wameshakaa juu ya matairi yao, wasingeinuka kwa sababu ya “si Protais”. Wangeinuka kwa jina.

Basi nilimwita Cyprien peke yake, nikamvika kaski. Sikumwambia asikilize nini. Alikula kwetu mwaka ule wa kolera, unakumbuka, mama yake alipokuwa hospitali. Niliona alipofika pale. Alitazama mikono yake, kisha akavua kaski taratibu na kuziweka mezani. Nikatoka naye mpaka mbele ya stoo, mbele ya vijana, mbele ya mke wa Protais na sufuria yake, nikasema ile sauti ni ya Emery, kaka yangu, mtoto wa nyumba yetu. Nimesema kwa mdomo wangu. Nataka ulisikie hili kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Protais amerudi kwake. Hajanisalimu, na simlaumu. Juzi walitupa mavi juu ya ukuta wetu, nikayaosha. Vijana wanasema siku ukivuka daraja la Kavimvira watakupokea. Nimewaambia hapana, kwamba wao walileta moto na weye ulileta maneno, na kama kuna siku hakimu atakaa tena mahali hapa mtakaa benchi moja. Walicheka. Lakini usije. Hata vita ikiisha, usije.

Sasa majibu yako. Kisanduku cha lampu kinarudi na Bertrand, pamoja na barua hii. Kitafutie muntu wa kukipenda. Cheusi kinabaki kwangu. Na kiwanja hakiko wazi. Geneviève anakilima, amepanda mboga za lengalenga pale palipokuwa na jiko. Usiku analala katika chumba chako, juu ya kitanda chako. Nilibadilisha godoro.

Mama nimpate haraka. Bertrand anavuka tena kurudi huku Ijumaa, mfungie mama mizigo yake aje naye. Vita iko huku, najua, lakini huku hatakula na weye. Barua hii usimsomee. Nitamwambia minye mwenyewe, akiwa amekaa, nimemshika.

Msalimu sana. Mwambie nimesikia sauti yake, iko wazi kabisa, na nimeikosa nyumbani.

Na kama unajiuliza Geneviève alijibiwa nini: alirudi kuniuliza lile swali lake, jikoni, tukichambua maharage. Nilimwambia ndiyo. Alienda kula.

Ni minye,
Fanny, binti wa mama