Mikeka ya Ayeeyo

Jumanne, Garissa.

Sasa sijui hata hii riwaya nitaimaliza vipi.

Leo nilimsomea Ayeeyo, bibi yangu, ile sura ambayo, akiwa msichana, anasuka mikeka ya kufunikia nyumba aliyotarajia kuishi na kijana wa Tarbaj aliyempenda. Niliandika kwamba alipoozwa mwanaume mwingine, aliichoma yote. Alicheka mpaka akakohoa.

"Wallahi, nani anachoma mikeka? Nilisuka msimu mzima! Ndiyo iliyofunika nyumba ya babu yako."

"Hukuumia?"

"Niliumia. Lakini mvua ilikuwa karibu."

Imeniudhi kweli. Riwaya yangu ina mapenzi mawili, yake ya zamani na yangu na Yusuf. Nilitaka angalau mmoja wetu awe amechoma kitu.

Jioni Hooyo, mama yangu, akaja chumbani, akafungua sanduku langu. Mapazia niliyonunulia nyumba yangu na Yusuf, kabla Baba hajamkataa, bado yamo. Aliyapima kwa mkono.

"Usiyagawe, mama. Huyu mchumba wa Banissa aliyekubaliwa na baba yako ana madirisha makubwa, lakini yatatosha."

Nilitaka kumwambia...

Nilimsaidia kuyakunja.