Kiuno cha Sichone

Tunduma, Jumanne

Bora nisingekwenda kumtazama mgonjwa. Sichone, kuli wangu aliyeangukiwa na magunia ya mahindi, bado hawezi hata kukaa. Daktari amesema hatabeba tena.

Mwaka jana wakala wa bima alitueleza vizuri: ukiumia ukashindwa kufanya kazi, unalipwa sehemu ya kipato chako kila mwezi. Sichone alitaka kujiandikisha. Nikamcheka mbele ya wenzake: "Kiuno nacho unakikatia bima kama lori?" Akaona haya, akaacha.

Leo ameniuliza, "Bosi, bado wanaandikisha?"

"Hawaandikishi mtu aliyekwisha kuumia," nikamjibu.

Mkewe akamgeuza kitandani.

Sikuwaambia kwamba mimi nilijiandikisha wiki ileile niliyomcheka.