Benchi Nyuma ya Lavelle

Detroit, Jumapili

Dada yangu Odessa,

Theluji imeyeyuka, na goti langu halijambo. Jana nilimtembelea mwanao Lavelle mahabusu. Akaniuliza, "Mjomba, Mama bado ananiita mwizi?" Nikamwahidi kukuandikia.

Najua utasema tena, "Kaka, nadharia zako walishe wanafunzi wako!" Lakini nisikilize. Kijana haachi uhalifu kwa kuogopa kifungo. Huacha akiwa na mtu ambaye yeye mwenyewe anaogopa kumpoteza. Ijumaa hakimu atampa kifungo cha nje, au miaka kumi gerezani. Kabla ya kutamka hukumu, atatazama benchi la jamaa zake. Nitakuwepo, lakini mjomba si mama.

Nakupigia magoti, Odessa. Njoo umenuna, njoo hata usimsalimie, ila akigeuka akuone.

Kaka yako anayekungoja mlangoni mwa mahakama,
Verdell