Vidonge vya Kila Jumamosi

Molo, Tororo
Alhamisi, 14 Agosti 2025

Mdogo wangu mpendwa Proscovia,

Amani ya Bwana iwe nyumbani kwako huko Lunyo. Mgongo wako unaendeleaje? Mihogo mmemaliza kuvuna? Sisi tuko salama kwa neema, ila moyo wangu hautulii. Barua hii nimeianza mara tatu. Mumeo Oriokot yuko nje anakunywa chai, nami namwongezea ili asiondoke kabla sijamaliza, maana ndiye atakayekuletea.

Alileta mbuzi sokoni, akapita kunisalimu. Alianza na utani wake, eti shemeji, kwa magoti haya mapya sasa utapanda mwamba wa Tororo ukiimba. Nikacheka, nikauliza habari za binti yenu Kate. Hapo akaacha utani. Akasema wiki ya sita sasa mtoto hamezi dawa, vidole vimevimba hadi hawezi kufunga vifungo vya shati la shule, na asubuhi unambeba mgongoni kumpeleka chooni. Ukimbembeleza anakujibu kwamba mama mkubwa alimwaga vidonge vyake mbele ya madhabahu na leo anacheza, kwani Mungu wake ni mwingine?

Nilijifanya naenda kutafuta sukari, kumbe nalia.

Wajua ugonjwa wetu ni mmoja, mimi na Kate. Daktari wangu, yule binti Sandra, aliniambia mwili una askari wake wa kupigana na vijidudu, na ndani ya askari hao mna vimeng'enya. Nikamuuliza kama hao ni wadudu. Akacheka, akasema hapana mama, ni vitu vidogo vya mwili wenyewe. Vingine huwaamsha askari, vingine huwatuliza. Kwetu sisi vile vya kuamsha havipumziki, basi askari wanawasha moto kwenye maungo ambayo hayana adui yeyote. Vidonge vya kila Jumamosi hukibana kimeng'enya kimoja, askari wakapoa. Ukiviacha moto unarudi, nao hula mfupa, na mfupa ukishaliwa haurudi.

Sasa nisikilize. Siku ile ya ushuhuda kanisani tuliambiwa kila aliyepona alete kopo lake la dawa. Watu wote walikuwa wameniona natembea bila fimbo, nikaona haya kusema ni dawa. Nilichomwaga, Proscovia, ni vidonge vya kichwa vilivyoharibika zamani. Vyangu vyenyewe vilikuwa nyumbani, ndani ya kopo la majani ya chai, na Jumamosi iliyofuata nilivimeza. Sijaacha hata wiki moja.

Kumshukuru Mungu nilimshukuru kweli. Uongo ulikuwa kwenye kopo.

Msomee Kate yote haya, usiruke mahali ninapoonekana mbaya. Kesho mpeleke hospitali ya Masafu, waseme aanze tena vipi. Jumapili nitasimama palepale mbele ya watu, niseme kama nilivyokuandikia.

Wasalimie wote hapo, na mama mkwe wako. Nijibu upesi, hata kama ni kunigombeza. Nataka kujua kama amemeza.

Dada yako,
Asekenye